Ami, Bado Si Dawa

Jirani alipiga hodi baada ya swala ya isha, akapita daka, akaingia mpaka kiwandani, akakaa ukingoni mwa kitanda cha bibi bila kuvua buibui. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga, tupu, limesuguliwa hata likang'aa, na mfuniko wake. Akaliweka mbele ya miguu yangu.

"Nitilie kidogo tu, mwanangu," akasema. "Bei utanambia wewe."

Nilidhani ataka sukari. Nikamtazama bibi, naye bibi akainua uso kutazama nyota, kama mtu asiyehusika.

"Nikutilie nini, khalati?"

"Hiyo dawa yako. Ami yako asema umepata dawa ya presha."

Kwa msiozijua nyumba za Lamu, kiwanda ni ule ua wa ndani ulio wazi juu, ambamo watu hupepeta mchele, huanika nguo na kusengenya. Kwengine kwingi kwenye Kiswahili, kiwanda ni mahali pa mitambo na mabomba ya moshi. Nadhani jirani alipoambiwa kwamba naunda dawa, alichokiona kichwani ni kile cha pili, kumbe mimi nimekaa kwenye hiki cha kwanza, nimekunja miguu, nachambua mawe kwenye kunde.

Mimi ni mwanakemia. Kazi yangu, huko Nairobi, ni kuunda kampaundi za heterosikliki, yaani molekuli za umbo la pete ambazo si kila atomu ya pete ni kaboni. Nikilitaja neno hilo nyumbani watu hunyamaza kwa heshima, halafu mmoja huuliza kama nimekula. Kwa hiyo miaka mitatu nyuma, nilipokuja kwa Maulidi, nilikwenda dukani kwa ami, Usita wa Mui, nikaamua kumweleza kwa lugha yake. Ami ni sonara. Hutengeneza pete za fedha, zile ambazo wageni wakija Lamu hawaondoki bila moja, zilizopachikwa kipande cha sahani kongwe ya Kichina badala ya kito.

Nikachukua shanga sita nyeusi kwenye kikasha chake, nikazipanga duara juu ya kitambaa. Hii ni benzini, nikamwambia. Atomu sita za kaboni zimeshikana mikono. Ni pete ya watu wote: imo kwenye petroli, imo kwenye aspirini, imo kwenye panadoli. Sasa toa moja, tia shanga nyeupe. Hiyo nyeupe ni naitrojeni, na pete sasa yaitwa piridini. Kwa jicho ni ile ile, ila tabia si ile tena. Benzini na maji hawaelewani hata kidogo. Piridini huingia majini kama chumvi. Benzini ina harufu ya utamu utamu, piridini inanuka kama ndoo ya samaki iliyosahauliwa juani. Na sababu ni kwamba ile shanga nyeupe ina jozi ya elektroni inayochungulia nje ya pete, kama ndoano. Ndoano hiyo hunasa haidrojeni ya maji. Hunasa pia haidrojeni ya protini mwilini, na hapo ndipo habari ya dawa inapoanza.

Ami aliisogeza shanga nyeupe kwa kibano. "Na ukitia mbili?"

Ukitia mbili, inategemea zimekaa wapi. Zikiwa zimeachana kwa nafasi moja ni pirimidini. Zikiwa ubavu kwa ubavu ni kitu kingine, na zikiwa zinatazamana ni cha tatu, na kila kimoja kina adabu zake. Ukipunguza pete iwe na pembe tano badala ya sita, mlango mwengine unafunguka. Ukibadilisha naitrojeni ukatia salfa au oksijeni, mwengine tena. Mwili wenyewe umejaa pete hizi. Zile herufi nne za DNA, zote nne, ni pete zenye naitrojeni. Wekundu wa damu watokana na pete nne ndogo zilizokizunguka chuma. Basi mtu anayetaka kuunda kitu kitakachoingia kwenye kufuli za mwili, huanza na maumbo ambayo kufuli zimeyazoea. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walizihesabu dawa za molekuli ndogo zilizoidhinishwa nchini kwao, wakakuta asilimia 59 zina angalau pete moja yenye naitrojeni ndani.

Ami alisikiliza yote, akazirudisha shanga kikashani moja moja, akasema: "Kumbe wewe ni sonara."

Nilifurahi kupita kiasi. Sikumwambia, na ndiyo kosa langu la kwanza, kwamba sonara akimaliza pete basi imekwisha. Mnunuzi huivaa na kwenda nayo. Pete zangu mimi zikimalizwa ndipo zinapoanza kusumbua.

Kwa kuwa nimeshaanza kuzizungumzia, acha nizitembeze kidogo humu nyumbani, maana hakuna haja ya kwenda maabara kuziona. Kahawa thungu anayoileta muuzaji na dele lake ina kafeini, pete mbili zilizounganishwa, naitrojeni nne. Ukali wa pilipili manga ni piperini. Popoo la tambuu ya bibi lina arekolini, pete ya pembe sita yenye naitrojeni moja, ndiyo inayompa mtu ule uchangamfu. Niliwahi kumwambia bibi kwamba popoo limethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa. Akaniuliza ana umri gani. Nikamwambia. Akaendelea kukunja tambuu.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni indoli. Jioni moja shangazi alikuwa anatunga kikuba, asumini imejaa sinia, na mimi nikiwa nimekaa karibu yake nikakumbuka chupa moja ndogo kule maabara. Indoli ni unga mweupe, pete ya benzini iliyogandana na pete ya pembe tano yenye naitrojeni. Mara ya kwanza kuifungua ile chupa nilidhani bomba la choo limepasuka. Mwenzangu alitoka nje. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akachukua chembe kwa ncha ya kisu, akaiyeyusha kwenye ethanoli nyingi, akatia tone moja kwenye karatasi, akanipa ninuse. Ilikuwa asumini. Si mfano wa asumini. Kifua changu kiliruka kikarudi Lamu, kwenye nywele za mamangu siku ya harusi. Indoli imo ndani ya ua lenyewe, kidogo sana, na ndiyo inayolipa ule uzito. Imo pia kwenye kinyesi, kwa wingi.

Nikamweleza shangazi. Sindano ikasimama hewani.

"Wataka kunambia asumini yangu ni mavi ya punda?"

"La, shangazi. Nasema tu kuna kitu kimoja kwenye vyote viwili."

"Astaghfirullah. Na serikali yakulipa kwa haya?"

Alicheka mpaka akajichoma. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kufikiri, akanyamaza kidogo, akasema kwamba hata yeye hujua kwamba asumini ikizidi chumbani kichwa huuma, lazima uizimue kwa mkadi na rihani. Hilo ndilo lile lile nililofundishwa kwa miaka minne: kitu si kibaya wala kizuri mpaka useme ni kiasi gani. Likumbukeni, nitalihitaji mbele.

Watu wa pwani tuna deni na pete hizi, na deni lenyewe ni la malaria. Kwinini ilitolewa kwenye magome ya mti wa sinkona na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1820. Ni pete za naitrojeni zilizobebana. Kila dola iliyokuwa na askari kwenye nchi za joto iliitaka, na miti ilikuwa michache. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alijaribu kuiunda nyumbani kwao London wakati wa likizo ya Pasaka. Alijua hesabu tu: kaboni ngapi, haidrojeni ngapi, naitrojeni ngapi. Akatafuta kitu chenye nusu ya hesabu hiyo, akidhani vipande viwili vikiunganishwa na kutiwa oksijeni, vitatoa kwinini. Ami alipoisikia habari hii alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Ni kama mtu kuijua pete kwa uzito wake wa fedha peke yake, bila kuwahi kuliona umbo lake. Perkin alipata tope la wekundu wa kahawia; akarudia kwa kitu rahisi zaidi, anilini, akapata tope jeusi. Alipokuwa akiosha chupa kwa spiriti, tope likatoa rangi ya zambarau iliyokubali kushika kitambaa, akaacha shule akafungua kiwanda cha rangi. Kile cha mabomba ya moshi.

Mwaka 1883 Mjerumani Ludwig Knorr naye alidhani ameunda pete ya ukoo wa kwinini. Hakuwa ameiunda. Alikuwa na pete ya pembe tano, naitrojeni mbili ubavu kwa ubavu. Ikatokea kwamba yashusha homa kweli, ikauzwa kwa jina la antipirini, mojawapo ya dawa za kwanza kabisa za viwandani duniani. Pete ninazounda mimi, pirazolini, ni binamu za karibu za ile pete ya Knorr iliyozaliwa kwa makosa. Hilo hunipa moyo zaidi ya inavyostahili.

Halafu ikaja klorokwini, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1934. Waliozaliwa kabla ya miaka ya tisini hawahitaji kuelezwa. Mimi naikumbuka kwa mwili. Uchungu ule ulikuwa haumezeki. Mamangu aliifukia kidonge ndani ya ndizi mbivu nami niliila ndizi nikatema kidonge. Na baada ya uchungu, mwasho. Bibi alikuwa akijikuna na kitana cha mbao usiku kucha, akisema afadhali homa. Kijidudu cha malaria hula wekundu wa damu, na baada ya kula hubaki na ile pete yenye chuma, ambayo kwake ni sumu. Hujiokoa kwa kuigandisha iwe fuwele isiyo na madhara. Klorokwini huingia jikoni mwake na kuzuia takataka zisigande, mpaka mwenye nyumba afe kwa taka zake. Miaka mingi ilifanya hivyo. Halafu vijidudu vikajifunza kuitoa nje kama mtu anayetoa maji ndani ya ngalawa, na mwaka 1998 Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza. Ikafuata SP, yaani salfadoksini na pirimethamini, ambayo nayo haikudumu kwa wagonjwa wa kawaida, ingawa wajawazito wa pwani bado hupewa kliniki kama kinga. Leo ni AL, yaani artemetha na lumefantrini, kwa mtu mzima vinne asubuhi vinne jioni kwa siku tatu, na ukiambiwa umeze na chakula chenye mafuta, tafadhali fanya hivyo. Bila mafuta ile lumefantrini haiingii damuni vizuri. Hata artemetha iliyomo ni pete, yenye oksijeni mbili zilizobanana kama chemchemi ya mtego.

Kwa hiyo sababu ya watu kama mimi kuwepo ni hii: kufuli hubadilika, na mtu fulani lazima aendelee kuchonga funguo.

Sasa niwaonyeshe uchongaji wenyewe ulivyo, maana wengi hufikiri ni kompyuta na makoti meupe. Unaanza na benzaldehaidi, mafuta yasiyo na rangi yanayonukia lozi. Unaiweka na asetofenoni ndani ya ethanoli, unatia matone ya soda kali iliyoyeyushwa, unakoroga. Dakika ishirini hakuna kitu. Halafu maji yanakuwa mawingu, na ghafla chupa nzima inaganda kwa rangi ya bizari. Hiyo ni chalkoni, bado haijafunga pete. Ni uzi wenye ncha mbili zinazotafutana. Unaichuja, unaiosha, unaiyeyusha tena kwa ethanoli ya moto na kuiacha ipoe polepole usiku kucha, na asubuhi unakuta sindano za manjano zimelala chini ya chupa. Sijawahi kuchoka kuziona.

Kisha unatia fenilihaidrazini, ambayo ni sumu na haitaki mzaha, na asidi ya asetiki, unachemsha saa sita. Saa sita hizo zinataka maji baridi yanayopita kwenye kondensa, bomba la kupozea mvuke, bila kukatika. Kwetu maji ya bomba hukatika. Tulinunua pampu ndogo ya tangi la samaki, tukaitumbukiza kwenye ndoo ya barafu, na mpaka leo inazungusha maji kwa uaminifu kuliko kampuni yoyote. Kila nusu saa unachukua tone, unaligusisha kwenye kibao cha silika, unaliacha lipande, unakipeleka chini ya taa ya urujuanimno.

Pete ikishafunga, inawaka. Buluu, buluu hasa. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya ile taa gizani na kitu cha kwanza kilichonijia ni bahari ya Shela usiku usio na mwezi, kasia linapovunja maji na maji yakawaka. Baadaye nikasoma kwamba wale wadudu wadogo wa baharini nao huwaka kwa kitu kilichotokana na pete za naitrojeni. Nilimwandikia ami ujumbe usiku ule ule. Sikuandika kwa utulivu.

Niliunda kumi na nne. Tofauti kati yao ni ndogo: huyu ana klorini pembeni, yule ana methoksi, yule hana kitu. Ya saba ilinitia aibu ambayo bado inaniwasha. Kuthibitisha kwamba ulichounda ni ulichodhani, unahitaji mashine ya NMR, inayosoma umbo la molekuli kwa sumaku na kulichora kwa vilele, na siku hizo yetu ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo vichupa vyangu vilisafirishwa mbali na majibu yalichukua wiki kumi na moja. Wiki ya kumi na moja nikafungua faili la namba saba. Ilikuwa na vilele vitatu vikubwa, safi, virefu kama minara: 1.26, 2.05, 4.12. Yeyote aliyewahi kufanya kazi hii anazijua namba hizo kama namba ya simu ya mamake. Ni ethili asetati. Ni kiyeyusho. Sikukausha sampuli, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na basi lilikuwa linaondoka. Nimelipia usafiri wa ndege wa kitu kinachonuka kama kiondoa rangi ya kucha.

Tulipozipima zote kumi na nne kwa bakteria, mbili zilionyesha uhai. Hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo kopo la jirani lilipozaliwa.

Kipimo chenyewe ni cha kawaida. Unapaka bakteria kwenye agari, ile jeli ya kuwaoteshea, unaweka vipande vya karatasi vya duara vilivyolowekwa, unaacha usiku. Asubuhi, dawa ikifanya kazi, kunakuwa na uwanja mtupu kuzunguka karatasi, na unaupima kwa rula. Kampaundi yangu bora ilipata uwanja wa milimita 9. Karatasi yenyewe ni milimita 6. Kwa hiyo ushindi wangu ulikuwa milimita moja na nusu kila upande, upana wa mbegu ya ufuta. Siprofloksasini, antibiotiki ambayo nayo ni pete, iliyokaa pembeni kwa kulinganisha, ilifagia milimita 28. Na karatasi ya sipro ilikuwa na maikrogramu 5. Yangu niliitia 500.

Kiasi. Mkumbuke kikuba cha shangazi. Ukitia mara mia zaidi hata sabuni ya kufulia huua bakteria. Nilipojaribu ile ile kampaundi kwa seli za figo za tumbili, ziliuawa kwa kiasi kidogo kuliko kile kilichoua bakteria. Maana yake ni kwamba ilikuwa sumu ya kila mtu, haichagui.

Niliandika haya yote kwenye makala ya kitaaluma. Namba zote ziko pale, hakuna uongo. Lakini sentensi ya mwisho ya muhtasari inasema kampaundi hizi ni "dawa tarajiwa", na aya ya kwanza inasema, kama zinavyosema aya za kwanza za makala zote za aina hii, kwamba pete za ukoo huu zimeripotiwa kufaa kwa maumivu, uvimbe, kifafa, vijidudu, saratani, presha. Orodha hiyo huwa tunainakili mtu kwa mtu, kama mwaliko wa harusi. Ni ya kweli kwa maana kwamba kila kitu kimeripotiwa mahali fulani na mtu fulani. Nimekaa kwenye semina nyingi, na naweza kusema bila woga: wengi wetu tunalitumia lile neno tarajiwa kama chumvi. Bila hilo makala haina ladha na mhariri haichukui. Kwenye meza ya chuoni halina uzito wowote. Kila mtu anajua limewekwa pale kwa adabu.

Binamu yangu aliisoma kwenye simu, akamfasiria babake, tafsiri nzuri tu. Ami akaisikia "presha". Ami akasikia "dawa". Tarajiwa ilianguka njiani, mahali fulani kati ya duka la fedha na bandarini, na lilipofika kwa jirani lilikuwa kopo.

Ukinilaumu nitakuambia pia upande wa pili, kwa sababu sitaki udhani vichupa vyangu ni takataka. Mwaka 1912 wanakemia wawili kule Prague waliunda pete ya piridini yenye mkia mfupi wa naitrojeni, kwa ajili ya shahada tu, wakaiandika, wakaenda zao. Hakuna aliyeijaribu kwa lolote. Mwaka 1952 ikatangazwa kwamba inaua vijidudu vya kifua kikuu kuliko karibu kila kitu kilichokuwepo. Ni isonaiazidi. Iko kwenye kabati la kila kliniki ya kifua kikuu nchini. Miaka arobaini ilikaa kwenye karatasi, na watu walikuwa wanakohoa damu. Klorokwini nayo iliwekwa kando karibu muongo mzima kwa kudhaniwa ni sumu kupita kiasi. Kwa hiyo vyangu kumi na nne viko kwenye friji, vimeandikwa tarehe na uzito, na sitovitupa. Lakini huwezi kumpa mtu friji ndani ya kopo.

Usiku ule sikumwambia jirani hata moja ya haya. Nilimwuliza anatumia nini sasa.

Hakuwa anatumia kitu. Aliacha miezi miwili nyuma. Akavuta buibui juu kidogo akanionyesha vifundo vya miguu. Vilikuwa vimetulia, lakini wakati wa vidonge, akasema, vilikuwa vinajaa kama mahamri, ndara haziingii, naye akaona bora presha isiyoonekana kuliko miguu inayoonekana na kila mtu. Nikamwomba anitumie mtoto alete paketi. Ikaja, vidonge saba vimebaki. Amlodipini.

Nilikaa nayo mkononi kitambo. Nikageuza paketi, nikachukua kalamu, nikamchorea nyuma yake: pembe sita, na kwenye pembe moja naitrojeni. Pete ya aina hii alianza kuipika Mjerumani Arthur Hantzsch mwaka 1881, chungu kimoja, aldehaidi na esta na amonia, bila kuwaza presha ya mtu yeyote. Karibu karne nzima ilipita kabla haijajulikana kwamba pete hizo hulegeza misuli ya mishipa ya damu kwa kuzuia kalisiamu isiingie. Mishipa ikilegea presha hushuka. Ile midogo inayopeleka damu ikilegea zaidi ya inayorudisha, maji huvuja na kukaa miguuni. Kwa hiyo ule uvimbe ulikuwa kazi ile ile ya dawa, imepita mpaka.

"Sasa hii," akasema, akiugusa mchoro, "imetengenezwa na mtu kama wewe?"

"Watu wengi kama mimi, khalati. Na wengi wengine baada yao. Mimi niko mwanzo kabisa wa ndia, wala sijui kama ndia yenyewe inafika."

"Basi ami yako mrongo."

"Ami si mrongo. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Nikamwambia kwamba presha haiachwi kwa sababu haionekani, kwamba kuna dawa nyingine zisizojaza miguu na pia kuna kupunguza kiasi, na kwamba mwenye kuamua hilo ni daktari aliyempima, wala si mimi mwenye kunde mapajani. Shangazi akasema atakwenda naye asubuhi, mapema, kabla foleni. Bibi, ambaye muda wote huu alikuwa bado anahesabu nyota, akaamka, akalichukua lile kopo akaingia nalo jikoni. Chombo hakirudi kitupu nyumbani kwetu. Kilirudi na visheti, vimebanwa mpaka mfuniko ukagoma kufunga, na mimi nikafungua mdomo kutaja sukari na presha nikaufunga.

Walikwenda kweli asubuhi. Akabadilishiwa.

Siku ya kuondoka ami alinibebea begi mpaka bandarini, ingawa nina nguvu kumshinda. Nilikuwa nimeshamweleza, polepole, dukani kwake, shanga mezani tena, habari ya milimita moja na nusu. Alisikiliza akiwa ameinama kwenye kazi yake na hakunijibu. Nikadhani nimemuudhi. Kwenye boti ya Mokowe nahodha, kijana wa Matondoni, akanisalimu kisha akamwuliza ami kama huyu ndiye yule binti yake wa dawa.

"Huyu ni sonara," akasema ami.

Nahodha akanitazama vidole. Sikuwa na pete hata moja. Akauliza nafanya za fedha au za dhahabu.

"Mwache," akasema ami, akinikabidhi begi. "Ana kumi na nne na hakuna iliyomwenea mtu."